Waya Ambao Rubani Aliuona

Kati ya mwaka 2001 na 2010, ATSB, ofisi ya Australia inayochunguza usalama wa usafiri, iliandikisha matukio 180 ya ndege na helikopta kugonga nyaya zikiwa zinaruka chini. Matukio 100 kati ya hayo yalihusu kazi za kilimo, yaani kunyunyizia mashamba dawa na mbolea kutoka angani. Wachunguzi walipotaka kujua kama rubani alikuwa na habari ya waya ule kabla ya kuugonga, jibu lilikuwa ndiyo kwa asilimia 63. Waya aliujua. Alikwisha kuutazama alipolikagua shamba, akaanza kazi, na baadaye akauingia.

Takwimu hiyo inapindua mawazo tuliyoyazoea. Ajali ya namna hii ikitokea, husemwa kwamba rubani hakuuona waya, na mjadala huishia hapo, kana kwamba tiba ni macho makali zaidi au kioo kisafi zaidi. Lakini tatizo lina pande mbili, na zote zimo katika mwili wa binadamu mwenye afya kamili: jicho ambalo mara nyingi huupata waya muda ukiwa umekwisha, na kumbukumbu inayouachilia waya uliokwisha kuonekana. Kwa hiyo naamini usalama wa helikopta hauwezi kuachiwa macho ya rubani peke yake. Sehemu kubwa ya kazi iko huku chini, kwa wanaojenga laini za umeme, wanaochora ramani, na wanaomkaribisha rubani atue uwanjani kwao.

Tuanze na swali la kwa nini helikopta iwe chini kiasi hicho. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga humtaka rubani anayeongozwa na macho yake asishuke chini ya mita 150 kutoka ardhini, na juu ya maeneo yenye watu wengi asishuke chini ya mita 300, isipokuwa anapopaa, anapotua au anapofanya kazi yenye kibali maalumu. Helikopta huishi ndani ya hiyo isipokuwa. Hutua kando ya barabara kumchukua majeruhi. Hufuata tembo ili wahesabiwe au wafungwe vifaa vya kuwafuatilia. Nzige wa jangwani walipoivamia Kenya mwaka 2020, helikopta zilitumika kuyasaka makundi yao mabondeni na nyikani. Msimu wa kampeni ukifika, iwe Kenya au Tanzania, chopa hushuka kwenye viwanja vya shule za msingi vilivyozungukwa na miti, milingoti ya bendera na nguzo za umeme. Hata mafundi wa umeme huitumia kukagua laini zao, wakiruka sambamba na nyaya ambazo rubani mwingine angezikimbia.

Na nyaya zimeongezeka. Laini ya kilovoti 400 kutoka Loiyangalani hadi Suswa, inayobeba umeme wa upepo wa Turkana, ina urefu wa zaidi ya kilomita 400. Ile ya Iringa hadi Shinyanga inakaribia kilomita 670. Hizo zina minara mikubwa ya chuma ambayo huonekana kutoka mbali. Kinachonitia hofu zaidi ni laini ndogo za vijijini: nguzo za mti, nyaya mbili au tatu, kimo cha mita kumi hivi, zikivuka bonde kuelekea shuleni au zahanati. Nazifurahia laini hizo kwa moyo wote, kwa sababu friji ya chanjo haiendi kwa mafuta ya taa siku zote na mama hapaswi kujifungua kwa mwanga wa simu. Lakini bonde ambalo rubani alilipita salama mwaka juzi laweza kuwa na waya mwaka huu.

Sasa jicho. Mtu mwenye uoni wa kawaida hutofautisha vitu viwili vilivyokaribiana iwapo pembe kati yao, ikipimwa kutoka jichoni, haipungui sehemu ya sitini ya digrii moja. Waya wenye unene wa sentimita 2.5 hufikia kipimo hicho ukiwa umbali wa mita 86 tu. Helikopta inayokwenda kilomita 185 kwa saa, mwendo wa kawaida kabisa, huzimaliza mita hizo kwa chini ya sekunde mbili.

Hapo mtu anaweza kupinga, na atakuwa na haki: mbona mimi huona waya wa umeme kutoka mbali zaidi ya hapo? Ni kweli. Mstari mrefu, mweusi, ulio mbele ya anga jeupe, jicho huudaka hata ukiwa mwembamba kuliko kipimo hicho mara nyingi. Hii ni kwa sababu jicho halipimi unene pekee, linapima tofauti ya mwanga kati ya kitu na mandhari ya nyuma yake. Mtu aliyesimama chini akitazama juu huwa na anga nyuma ya waya. Rubani anatazama kutoka juu. Nyuma ya waya wake kuna msitu, shamba la mahindi, mwamba au vumbi, na waya wa alumini uliopigwa na jua na mvua kwa miaka umeshapoteza mng'ao wake na kugeuka kijivu. Tofauti ya mwanga ikifutika, waya nao hufutika, hata saa sita mchana. Ndiyo maana nyingi za ajali hizi hutokea mchana, hewa ikiwa safi. Jua likiwa mbele ya rubani mambo huwa mabaya zaidi, na upande mmoja wa laini unaweza kuonekana vizuri asubuhi, kisha ukapotea jioni.

Tena uoni mkali tulionao umo katika sehemu ndogo sana katikati ya retina, yenye upana wa digrii mbili hivi za mandhari. Sehemu nyingine zote za jicho huona kwa ukungu, ila ni hodari wa kunasa kitu kinachosogea. Hapa asili imetuwekea mtego. Kitu ambacho uko njiani kukigonga hakisogei kabisa kwenye kioo. Hubaki palepale, kikikua taratibu, na waya haukui kwa namna inayoshtua mpaka dakika ya mwisho. Ubongo hauamshwi na chochote.

Kuna mtego mwingine ambao unaweza kuujaribu nyumbani. Macho yetu mawili yamepangwa upande kwa upande, na ubongo hukadiria umbali kwa kulinganisha tofauti ndogo kati ya picha ya jicho la kulia na ile ya kushoto. Mti au nguzo iliyosimama wima hutoa tofauti hiyo waziwazi. Mstari uliolala sawasawa kutoka kushoto kwenda kulia hautoi, kwa kuwa kila kipande chake kinafanana na kipande kinachofuata, na macho hayana alama ya kushika. Simama mbele ya kamba ya kuanikia nguo isiyo na nguo wala vibanio, uifanye ijaze upeo wa macho yako bila kuona ncha zake, kisha jaribu kusema iko umbali gani. Inamisha kichwa begani, utazame tena; makadirio yatakuwa bora. Rubani akikutana na waya uliokatiza njia yake yumo katika hali hiyohiyo, isipokuwa hana nafasi ya kuinamisha kichwa.

Kutokana na haya marubani wazoefu hufundishana kitu kimoja: usitafute waya, tafuta nguzo. Nguzo ni nene, imesimama wima, ina kivuli, na penye nguzo mbili pana waya hata kama huuoni. Mkondo mwembamba uliofyekwa miti katikati ya msitu humwambia rubani neno lilelile, na nyumba iliyojitenga yenye taa za umeme vilevile, kwa maana umeme umefika pale kwa njia fulani. Na anapolazimika kuivuka laini, huivuka juu ya nguzo au mnara wenyewe, kwani hapo ndipo anaweza kuona kimo halisi cha kitu anachokivuka.

Kimo halisi ni muhimu kwa sababu ya waya wa juu kabisa. Kwenye laini kubwa, nyaya nene zinazobeba umeme hukaa chini, na kwenye vilele vya minara hupitishwa waya mmoja au nyaya mbili nyembamba za kuikinga laini na radi. Rubani huziona zile nene, huvuta helikopta juu ili azikwepe, na kwa kufanya hivyo hujipeleka kwenye ule mwembamba ambao hakuuona. Ubongo nao huongeza kosa, kwa mazoea yake ya kudhani kwamba kitu chembamba kiko mbali zaidi kuliko kinene kilicho kando yake.

Tuseme waya umeonekana. Bado saa inakwenda. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, imechapisha makadirio ya muda ambao rubani huutumia kukwepa ndege nyingine, na walimu wa urukaji wa chini huyatumia kwa nyaya pia. Kukiona kitu ni sehemu ya kumi ya sekunde. Kukitambua ni nini, sekunde 1. Kugundua kwamba mnaelekea kugongana, sekunde 5. Kuamua la kufanya, sekunde 4. Misuli kuitika, sekunde 0.4. Chombo chenyewe kubadili mwelekeo, sekunde 2. Jumla ni sekunde 12.5, na kwa mwendo niliokwisha kuutaja helikopta itakuwa imekwenda zaidi ya mita 640. Rubani aliyekaa tayari akitarajia waya atapunguza muda huo. Lakini tazama mgawanyo wake: mwili haukuchelewa, uliochelewa ni ubongo, sekunde tisa nzima za kugundua hatari na kuamua.

Na ubongo ndio unaotueleza habari ya wale asilimia 63.

Rubani wa kilimo huanza kwa kulizunguka shamba akiwa juu kidogo, akihesabu nguzo na kukariri nyaya. Kisha hushuka na kuanza kwenda na kurudi. Katika kila mkondo anatazama upepo unaipeleka wapi dawa, kiasi kilichobaki kwenye tangi, mwisho wa shamba, mti wa jirani, nyumba ambayo haipaswi kunyunyiziwa. Waya umo katika kumbukumbu ya aina ya pekee, ile ya kukumbuka kutenda jambo wakati wake utakapofika. Sote tunajua udhaifu wake: mgonjwa anayejua vizuri kwamba ana dozi ya saa nane, na saa nane ikapita akiwa katikati ya mazungumzo. Hakusahau kwamba ana dawa. Ukimuuliza atakujibu papo hapo. Kilichokosekana ni kengele ya kumwamsha kwa wakati, na kwa rubani kengele hiyo ilipaswa kuwa waya wenyewe, ambao hauonekani.

Hatari huongezeka kazi inapokaribia kuisha. Rubani hurudi kumalizia kona zilizobaki, na mara nyingi huzipitia kwa mwelekeo tofauti na ule aliokuwa akiufuata tangu mwanzo. Mpangilio alioukariri haumsaidii tena, kwani ulikuwa mpangilio wa kwenda na kurudi upande ule. Ongeza joto, kiu na uchovu, ongeza simu ya redio au tatizo dogo la mashine, na umakini wake wote utavutwa mahali pamoja.

Saikolojia imelionyesha hili bila helikopta yoyote. Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris, wakiwa Chuo Kikuu cha Harvard, walichapisha jaribio ambamo watu waliambiwa watazame video na kuhesabu pasi za mpira. Katikati ya video mtu aliyevaa vazi la sokwe alipita kati ya wachezaji, akajipiga kifua, akaondoka. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Macho yao yalikuwa wazi na sokwe alikuwa mbele yao, lakini kazi ya kuhesabu ilikuwa imeuchukua umakini wote. Nikisoma taarifa ya ajali inayomlaumu rubani kwa uzembe kwa sababu tu alikuwa akiujua waya, hulikumbuka jaribio hili na kuona kwamba lawama hiyo haitufikishi popote. Uzembe upo, na wapo wanaoshuka chini kwa kujionyesha tu. Lakini wengi wa watu hawa walikuwa kazini, wakifanya kazi yao kwa makini. Makini hayo ndiyo yaliyowazuia kuuona waya.

Hali ya hewa mbaya ina mkondo wake. Tarehe 25 Oktoba 1991 Bill Graham, mwandaaji mashuhuri wa matamasha ya muziki wa rock, alikufa pamoja na mwenzake na rubani wao karibu na Vallejo, California, helikopta yao ilipogonga mnara wa umeme wenye kimo cha mita 68 usiku wa dhoruba. Tarehe 28 Aprili 2002 Alexander Lebed, jenerali mstaafu na gavana wa Krasnoyarsk nchini Urusi, alikufa helikopta ya Mi-8 iliyombeba ilipogonga nyaya za umeme milimani kwenye ukungu. Mawingu yakishuka, rubani asiyetaka kurudi hushuka nayo, akiendelea kuifuata barabara au bonde. Barabara na mabonde ndiko laini za umeme hupita. Kwa abiria mkubwa anayewahi hafla, napenda niseme wazi: neno lake la kumwambia rubani turudi, au tutue hapa tusubiri, lina uzito kuliko kifaa chochote kilichomo ndani ya chombo hicho.

Waya ukishagongwa, kinachofuata hutegemea mahali ulipoingia. Ncha za rafadha kuu huzunguka kwa mwendo wa mita 200 na zaidi kwa sekunde, na zinaweza kuukata waya mwembamba. Lakini waya ukipita juu ya pua na kufika kwenye mhimili, hukutana na fito nyembamba zinazobadili pembe za mapanga. Zikivutwa au kukatika, rubani hana tena cha kuongozea. Ukiikuta rafadha ya mkia, helikopta huanza kujizungusha yenyewe. Ukinaswa na miguu ya chuma, chombo huinamishwa mbele na kuangushwa.

Wakanada walikuwa wa kwanza kupata jibu la maana, miaka ya 1970: visu vya chuma vinavyofungwa juu na chini ya pua ya helikopta, pamoja na ukanda mgumu katikati ya kioo unaoutelezesha waya hadi kwenye visu hivyo. Jeshi la Marekani lilivifanyia majaribio mwaka 1979, na tangu hapo vimeokoa watu. Uwezo wake una mpaka. Vimeundwa kukata kebo ya chuma yenye unene wa karibu milimita 10, helikopta ikiwa na mwendo wa kutosha na ikiuingia waya kwa mbele. Helikopta inayotua taratibu, au inayorudi nyuma uwanjani, haina mwendo huo, na mkia wake haukingwi na kisu chochote. Kuna pia vifaa vya kutambua uga wa sumaku-umeme wa laini, ambavyo havisemi lolote laini ikiwa imezimwa au ikiwa ni kebo ya simu. Vipo vinavyopima kwa miali ya leza, vizuri sana na vya bei ambayo mashirika madogo ya kwetu hayaifikii.

Kwa hiyo turudi chini. Viwango vya kimataifa vinaeleza jinsi nyaya hatari zinavyopaswa kuwekewa maboya ya duara yenye kipenyo kisichopungua sentimita 60, ya rangi nyeupe, nyekundu au ya machungwa, na yenye kipenyo hicho yasiachane zaidi ya mita 30. Umeyaona karibu na viwanja vya ndege na kwenye mito mipana. Lakini mbali na viwanja, kwa viwango hivyo kitu huhesabiwa kuwa kizuizi kinapofikia kimo cha mita 150, na laini ya kijijini ni ya mita kumi. Haiwekewi boya, wala haichorwi kwenye ramani ya rubani. Hata hivyo kila laini mpya hupimwa kabla ya kujengwa, na mahali pa kila nguzo panajulikana na aliyeichimbia shimo. Taarifa hiyo ingeweza kuwafikia marubani wa huduma za dharura, wanyamapori na kilimo kwa gharama ndogo kuliko boya moja, na sioni sababu ya mamlaka za anga na mashirika ya umeme ya Afrika Mashariki kutokuifanya kuwa wajibu. Kenya inajua bei ya waya mmoja karibu na uwanja. Tarehe 24 Januari 2003, ndege, si helikopta, ilipaa kutoka uwanja mdogo wa Busia ikiwa na mawaziri wa serikali iliyokuwa imeingia madarakani majuma machache tu kabla, ikagonga nyaya za umeme na kuanguka. Waziri wa Kazi, Ahmed Khalif, alikufa pamoja na marubani wote wawili.

Shule, hospitali au kamati inayotarajia helikopta ina kazi rahisi ya kufanya siku moja kabla: mtu azunguke uwanja kwa miguu, ahesabu nguzo zilizo ndani ya mita mia kadhaa, aandike waya unatoka nguzo ipi kwenda ipi, asisahau ule wa nyumba ya mwalimu mkuu na ile kebo inayoshikilia mnara wa simu, kisha taarifa hiyo imfikie rubani kabla hajapaa. Siku yenyewe awepo mtu mmoja wa kuwaweka watu mbali, ili rubani anaposhuka macho yake yasivutwe na watoto wanaokimbilia chini ya mapanga.

Na ajali ikitokea, wa kwanza kufika huwa wanakijiji, na nia yao njema inaweza kuwaua. Laini nyingi zina swichi zinazojirudisha zenyewe: umeme hukatika waya unapoanguka, kisha sekunde chache baadaye swichi hujaribu kuuwasha tena, pengine mara kadhaa. Waya uliotulia kwenye majani bila cheche si waya uliokufa. Umeme unaoingia ardhini huenea kama duara, nguvu yake ikipungua kadiri unavyokwenda mbali, na mtu anayetembea kwa hatua ndefu huweka mguu mmoja kwenye volti kubwa na mwingine kwenye volti ndogo. Umeme hupanda mguu huu na kushukia ule. Kaeni mbali mita 10 na zaidi, na mbali zaidi ya hapo kama ni laini ya minara. Aliyejikuta amekwisha kukaribia aondoke kwa kuburuza nyayo, miguu ikiwa imeshikana. Walio ndani ya helikopta wabaki ndani iwapo hakuna moto. Moto ukiwaka, waruke miguu yote miwili pamoja, bila kugusa chombo na ardhi kwa wakati mmoja. Pigieni simu shirika la umeme kabla ya jambo jingine lolote na msome namba iliyoandikwa kwenye nguzo iliyo karibu, ili mafundi waijue laini ya kuzima bila kuanza kuitafuta.